Vyumba vya juu vikijaa melini, usikimbilie kinachofuata

"Daraja la kwanza limekwisha, mwalimu. Labda safari ijayo."

Maneno hayo niliambiwa kwenye dirisha la tiketi, bandarini Kigoma, Jumatatu moja ya mwezi Julai 2012. Meli ya MV Liemba ilikuwa ing'oe nanga Jumatano alasiri kuelekea Mpulungu, Zambia. Mimi na mama yangu mzazi tulikuwa tumetoka Nyanza-Lac siku iliyotangulia, tukavuka mpaka wa Mugina, tukapanda gari Manyovu hadi Kigoma mjini. Nilidhani kufika siku mbili kabla ya safari ni kuwahi. Kumbe wenzetu walikuwa wamewahi zaidi.

Safari ijayo maana yake ilikuwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hatukuwa nazo.

Tulikuwa tunakwenda Kalya, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya milima ya Mahale, kumwona mama mdogo. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanazijua familia za namna yetu. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Mishamo mwaka 1980, nikasoma shule ya msingi huko huko kwa Kiswahili, kisha sekondari Mpanda. Mwaka 2008, ulipofika wakati wa kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia wa Tanzania, baba alikuwa ameshafariki. Mama alisema anarudi kwao. Mdogo wake akasema anabaki. Wakaagana kando ya lori, kila mmoja akilia kwa ajili ya uamuzi wa mwenzake.

Miaka minne baadaye simu ikapigwa kutoka Kalya. Mama mdogo alikuwa mgonjwa, na kama dada yake anataka kumwona, asingoje mavuno.

Ndiyo maana nilisimama pale dirishani nikiwa nimekodoa macho kama mwanafunzi aliyesahau jibu.

Yaliyobaki

Karani alikuwa mtu mwenye subira, akanihesabia yaliyobaki. Kwa wale ambao hawakuwahi kuipanda, Liemba ya wakati huo ilikuwa hivi: daraja la kwanza ni vyumba vya vitanda viwili, vyenye dirisha la kuingiza hewa. Daraja la pili ni vyumba vya vitanda vinne, joto jingi na hewa kidogo. Daraja la tatu ni mabenchi, au sakafu ya sitaha popote utakapotandika mkeka wako.

Daraja la pili kilikuwa kimebaki kitanda kimoja, tena katika chumba walichowekwa akina mama. Mama angelala huko na wanawake watatu asiowajua, mimi ningekaa daraja la tatu. Au tungekaa wote wawili daraja la tatu. Au tungoje wiki mbili. Njia ya nchi kavu kupitia Uvinza nilikwisha kuifuta kichwani, kwa sababu magoti ya mama hayakuwa ya kukaa garini siku nzima na kisha kutafuta usafiri mwingine wa kuteremka ziwani.

Nilipotoka nje ya geti, kijana mmoja akanifuata. Alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza mfukoni, jina la mtu mwingine, bei mara mbili. "Majina hawaangalii, mzee," alinihakikishia. Nilitamani kuinunua, sitadanganya. Lakini mtu aliyekulia ukimbizini anajua uchungu wa kukutwa na karatasi yenye jina lisilo lake. Nikamshukuru, nikarudi dirishani.

Nikanunua kile kitanda kimoja cha daraja la pili, na tiketi moja ya daraja la tatu. Nilijiona nimefanya hesabu ya kiutu uzima. Baada ya moja huja mbili. Kama la kwanza limejaa, linalofuata kwa ubora ni la pili. Mama alikuwa amekaa chini ya mwembe nje ya bandari akilinda mizigo yetu, hatua hamsini kutoka pale nilipo. Sikwenda kumuuliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Usiku wa kwanza

Jumatano meli ilijaa hadi pomoni. Nilimshusha mama hadi chumbani kwake, ngazi moja, ngazi ya pili, magoti yakilalamika. Kilikuwa chumba safi. Kitanda chake kilikuwa cha chini, nikaona ni bahati. Kuta za chuma, taa moja, ngurumo ya injini ikipanda kutoka miguuni. Wenzake watatu walimkaribisha vizuri. Mama aliutazama ukuta kwa muda, akaupapasa kwa kiganja, akaniambia: "Haya, mwanangu. Nenda ukapumzike."

Saa nne usiku nilimkuta ameketi kwenye ngazi, shali kichwani, pochi mapajani. Alikuwa amefika nusu ya njia ya kwenda juu, magoti yamegoma.

Nilidhani ni joto. Nikamwambia nitamtafutia maji. Akatikisa kichwa, akaanza kunisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia katika miaka thelathini na miwili ya maisha yangu.

Mwaka 1972 walivuka ziwa usiku kwa mtumbwi mkubwa wa mvuvi. Wanawake waliwekwa chini kabisa, kwenye sakafu ya mtumbwi, wakafunikwa mikeka na nyavu ili wasionekane kutoka nchi kavu. Maji yalikuwa yakipenya mbaoni na kuwafika viunoni. Mama alikuwa na miaka ishirini. Aliambiwa asiinue kichwa mpaka aambiwe, na hakukiinua mpaka kulipopambazuka upande wa Tanzania.

"Nilipopapasa ule ukuta," alisema, "nilisikia maji yako upande wa pili."

Tangu utotoni nilijua kwamba mama alivuka ziwa. Sikuwahi kumuuliza alikaa wapi.

Nikakumbuka pia kwamba mwaka 1996, ilipotangazwa redioni ajali ya MV Bukoba iliyoua mamia ya watu katika Ziwa Victoria, mama alizima redio na hakutaka tuizungumze. Dalili zote zilikuwepo. Mimi nilikuwa nimezisoma kama habari za zamani.

Nikambeba mgongoni hadi juu. Kitanda chake alimwachia binti mmoja mwenye mtoto mchanga aliyekuwa ameegemea nguzo kwenye mabenchi.

Akina mama wa sitahani

Juu tulipokelewa na wanawake wanne wafanyabiashara. Wawili walikuwa Wazambia, mmoja wa Kasanga, na mmoja, kwa furaha ya mama, mzaliwa wa Rumonge. Walikuwa wamepeleka bidhaa Kigoma na sasa wanarudi kusini. Hawa ndio walionifundisha somo ambalo sikulipata chuoni.

Kwanza, mahali walipokaa. Mwezi Julai upepo wa ziwani hutoka kusini-mashariki, na meli yetu ilikuwa inakwenda kusini. Kwa hiyo upepo uliipiga meli kutoka mbele, upande wa kushoto. Wao walikuwa wametandika upande wa kulia, nyuma ya ukuta wa vyumba vya juu, na magunia yao wameyapanga kama kuta za nyumba. Hatua kumi kutoka hapo abiria wengine walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Pale ndani ya magunia hata kibiriti hakikuzimika.

Pili, sababu ya kukaa hapo. Nilimuuliza yule wa Rumonge kama na wao walikosa vyumba. Alicheka. "Mwalimu, mimi hata nikipewa chumba bure sikichukui. Nikilala chumbani, mzigo wangu unalala na nani?"

Tatu, umbali wa choo, umbali wa ngazi, na mlango wa ubavuni. Bandari nyingi za njiani kwenye safari ile hazikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mitumbwi ikaja kukumbatia ubavu wake, na abiria wakashukia humo kwa kelele na haraka. Aliye mbali na mlango na mwenye furushi zito hujikuta anavuta furushi lake dhidi ya umati unaopanda. Akina mama hawa walikuwa wamepima njia yao tangu mchana.

Walimpisha mama katikati yao, wakamfunika kitenge na blanketi. Mazungumzo yakahamia kwenye dagaa, ambao Bujumbura tunawaita ndagala na Mpulungu wanawaita kapenta, na kama ladha ni moja. Kabla ubishi haujaisha mama alikuwa amelala.

Ufunguo

Kuna jambo ambalo karani wa Kigoma hakulitaja, nami sikujua kuuliza. Chumba kilichojaa Kigoma si lazima kiwe kimejaa mpaka Mpulungu. Watalii wengi waliopanda nasi walikuwa wanakwenda kuona sokwe katika Hifadhi ya Mahale, na wao hushuka Lagosa, usiku ule ule wa kwanza.

Ilipata saa tisa za usiku tulipofika Lagosa. Taa ziliwashwa, mitumbwi ikaja, wazungu wawili wakashuka na mabegi yao ya mgongoni. Nikaenda kwa karani wa melini, nikalipa tofauti ya nauli, nikapewa ufunguo. Chumba cha daraja la kwanza, vitanda viwili, dirisha! Nilipanda ngazi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mama alifumbua macho nilipomgusa bega.

"Kina dirisha?" aliuliza.

"Kinalo, mama. Kubwa."

Akatazama nyota, akatazama ziwa, akajivutia blanketi. "Hapa pote ni dirisha. Nenda ulale wewe, macho yako mekundu."

Nami, msomaji, nililala. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu mwenye umri wa miaka sitini alilala sitahani na mwanawe akalala daraja la kwanza. Nililala usingizi wa pono, mlango nimeufunga kwa ndani. Asubuhi niliamshwa na mvulana aliyekuwa anaupiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Mwalimu! Bibi anasema Kalya hii!" Meli ilikuwa imeshasimama. Nilipofika kwenye mlango wa ubavuni, mama alikuwa ameshashushwa kwenye mtumbwi na wale akina mama, mizigo yetu yote iko miguuni pake, ananitazama kwa namna aliyokuwa akinitazama nilipochelewa shule.

Mama mdogo tulimkuta hai. Alitutambua. Ndugu hao wawili walizungumza siku nane, mara nyingi wameshikana mikono tu. Siku ya tisa akafariki. Kama ningeng'ang'ania chumba cha juu na kungoja wiki mbili, tungefika kwenye kaburi.

Cha kujiuliza dirishani

Nimeisimulia safari hii mara nyingi kwa wazazi wa wanafunzi wangu, maana wengi wao wana ndugu ng'ambo na wengine ni wafanyabiashara. Kutokana na hayo nimejiwekea maswali machache ambayo hujiuliza kila ninapoambiwa kwamba nilichotaka kimekwisha.

La kwanza ni hili: nilikitaka kwa ajili ya kitu gani? Sisi tulitaka daraja la kwanza kwa sababu ya hewa na dirisha. Hivyo viwili havikuwepo daraja la pili. Vilikuwepo daraja la tatu, sitahani, kwa bei ndogo kuliko zote. Anayetaka utulivu ili alale, na hana hofu ya kuta, huyo daraja la pili lingemfaa kabisa, na yule binti mwenye mtoto alinishukuru mpaka akanichosha. Kwa hiyo usishuke ngazi moja moja. Taja kwanza kile usichoweza kukikosa, kisha kitafute popote kilipo.

La pili: chumba kiko sehemu gani ya meli? Darasani huwaonyesha wanafunzi kwa rula. Iweke rula juu ya kalamu, ubonyeze ncha moja. Ncha zinapanda na kushuka, lakini katikati haisogei sana. Meli ni hivyo hivyo mawimbi yakiwa makali. Mwenye kichefuchefu atafute katikati na si juu sana, hata kama chumba chenyewe ni cha kawaida. Anayesumbuliwa na kelele akae mbali na injini. Na kwa meli inayokwenda kusini, upande wa kushoto unapata jua la asubuhi, wa kulia unapata la jioni. Chumba kilichopigwa na jua la jioni huwa tanuri mpaka usiku wa manane.

La tatu: nitashuka saa ngapi, na njia ya kutokea iko wapi? Ukishuka usiku, chumba kizuri kilicho mbali na mlango ni mzigo. Tena ukishaingia chumbani, kabla ya kuvua viatu, tembea kwa miguu mpaka mlangoni na mpaka yalipo maboya. Mama aliniambia baadaye kwamba kama ningemwonyesha njia ya kutokea, huenda angevumilia.

La nne: nani atashuka kabla yangu? Muulize karani, kisha uulize tena ndani ya meli. Vyumba huachwa njiani.

La tano ndilo nililolikosa mimi: je, mwenye kulala humo ameulizwa?

Mama aliyajua haya kabla yangu

Liemba yenyewe ni meli ya kuchagua kilichobaki. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande na kuisafirisha hadi Kigoma, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Mwaka 1997 ilirudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbia vita vya Zaire. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamekwama ufukweni, takriban 600 kila safari. Katika safari hizo hakuna aliyeuliza daraja. Baadaye ilisimama miaka kadhaa kungoja matengenezo makubwa, kwa hiyo anayepanga safari ya ziwani aulize kwanza bandarini kuna chombo gani na kinaondoka lini.

Lakini mfano ninaoukumbuka zaidi si wa meli. Tuliporudi Nyanza-Lac mwaka 2008, shamba la michikichi la babu tulilikuta lina watu, na watu hao walikuwa na watoto na makaburi humo. Baada ya vikao vingi tukapatanishwa, shamba likagawanywa nusu kwa nusu, sisi tukaambiwa tuchague. Kaka yangu alikataa. Alitaka shamba lote kama babu alivyoliacha, akasusa, akarudi Tanzania. Mimi niliitazama nusu yenye michikichi mingi. Mama alizunguka kimya, akarudi akasema anataka ile nyingine, yenye michikichi michache. Nilimwona hajui hesabu. Kiangazi cha kwanza ndipo nilipoelewa. Nusu aliyoichagua ndiyo yenye chemchemi.

Mtu huyo ndiye niliyemwacha chini ya mwembe na kwenda kumchagulia kitanda.

Mama sasa amepita miaka sabini, na bado anapenda safari. Siku hizi sinunui tiketi ya basi wala ya mtumbwi kabla sijamuuliza: "Mama, utapenda kukaa wapi?" Naye hanijibu mara moja. Hunirudishia swali: "Kwanza niambie mlango uko wapi."